L ya Rimau

Niliisikia kompyuta kabla ya kuiona. Ilikuwa asubuhi ya Julai mjini Nyeri, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya maduka, nami nilikuwa napanda ngazi za nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo, barua ya kazi ikiwa ndani ya koti. Mlango wa juu ulikuwa umefungwa. Nyuma yake kitu kililia: mlio mmoja mrefu, kisha miwili mifupi. Kikanyamaza. Kikalia tena vilevile, kama ndege aliyejaliwa neno moja tu. Nikasimama mkono hewani, sijabisha hodi bado.

"Ingia ama urudi nyumbani," sauti ya mwanamume ikasema. "Lakini usisimame hapo, unaniziba mwanga wa chini ya mlango."

Huyo alikuwa Fundi Mkuu, bosi wangu wa kwanza. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mdomoni, na hakuinua kichwa.

"Umesikia nini hapo nje?"

"Mlio, mzee."

"Mlio wa namna gani?"

"Mmoja mrefu, miwili mifupi."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Basi umepata kazi. Wenzako watatu wamekuja hapa kuniambia ati kompyuta inapiga kelele."

Alinieleza kwamba mashine hiyo imekosa kadi ya picha. Kwa kuwa haina njia ya kuandika shida yake kwenye skrini, inailia. Nilimhurumia kabisa yule ng'ombe wa chuma. Nadhani nilianza kuipenda kazi hapo hapo, kabla sijaonyeshwa kiti changu.

Mradi wetu ulikuwa unapokea kompyuta zilizochoka kutoka ofisi za Nairobi, unazifufua, kisha unazigawia shule na vyuo vya ufundi vya miji na vijiji vinavyouzunguka mlima. Mashine hizo zilikuwa na nguvu za mzee wa miaka themanini. Hazingeweza kubeba mifumo mipya, mizito, inayouzwa madukani. Kwa hiyo tulizipa Linux, mfumo ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuufungua, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tulichota humo tukatengeneza Linux yetu wenyewe, nyepesi, yenye maelezo ya Kiswahili kwenye skrini, tukaiita Mlima.

Kila mtu ofisini alichagua kipande chake. Mmoja alichukua picha za skrini, mwingine michezo ya hesabu ya watoto. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni, nikaachiwa kipande ambacho hakuna aliyekitaka: butiloda.

"Kompyuta ikizimwa inasahau kila kitu," Fundi Mkuu aliniambia siku hiyo, tukinywa chai ya thermosi.

"Hata jina lake?"

"Hata jina lake. Ukiiwasha iko na akili kidogo tu kwa ubao wake, ya kutosha kutafuta programu moja ndogo kwa diski. Hiyo ndiyo butiloda. Inautafuta mfumo, inaubeba, inauweka kwa kumbukumbu, inauambia, haya, amka ufanye kazi."

"Na isipoupata?"

"Basi uko na sanduku ya kuwekea kuku mayai."

Programu haisafiri uchi. Inafungwa kwenye kifurushi, na kufunga kifurushi ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa maisha yangu yote ya ajira. Ndani unaweka faili zenyewe, orodha ya vifurushi vingine ambavyo hiki hakiwezi kuishi bila hivyo, namba ya toleo, na saini ya siri inayothibitisha kwamba hakuna aliyekichezea njiani. Mwisho unaweka hati ya maagizo, mistari michache ambayo kompyuta ya mwenzako itaitekeleza yenyewe baada ya kukifungua. Ofisini tulikiita mzigo. Mzigo wa kicheza muziki ukiwa na kosa, muziki unagoma, nawe unatuma mzigo mwingine wenye dawa. Mzigo wa butiloda ukiwa na kosa, mashine nzima haiamki, na dawa haina wa kuipokea. Ndiyo maana watu walikikwepa kipande hicho. Mimi kilinifanya nijihisi mtu muhimu.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa stoo yetu ya Chaka, kwenye barabara ya Nanyuki, ambako siku ya soko hata mbuzi walipita mlangoni kutukagua. Bosi hapo alikuwa Msimamizi wa Stoo, mwanajeshi mstaafu aliyepanga kebo kwa urefu kama makuruta kwenye gwaride. Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa mbele yake. Niliweka Mlima kwenye kompyuta ya chuo cha ufundi, nikaizima, nikaiwasha, ikaamka vizuri. Nikaagana na watu, nikaenda zangu. Kesho yake Msimamizi akanipigia.

"Muthoni, ile mashine imekufa."

"Haiwezekani. Jana imeamka mbele ya macho yangu."

"Uko na flashi yako?"

Nikaigusa mfukoni. Ilikuwapo.

"Angalia vizuri ulichobeba," akasema. "Umeenda na roho yake."

Ilikuwa kweli. Kisakinishi, programu inayouweka mfumo kwenye diski, kilikuwa kimeniuliza butiloda ikae diski gani, nami nikachagua flashi niliyokuwa nimeichomeka badala ya diski ya ndani. Muda wote flashi ilipokuwa pale mashine iliamka kama malaika. Msimamizi aliifanya hadithi hiyo kuwa salamu. Kila nilipotoka mlangoni aliniuliza, "Hujabeba roho ya mtu?"

Baadaye nilipelekwa Nanyuki, na huko ndiko nilikokutana na Abdi. Familia yao ilikuwa ya wafanyabiashara wa mifugo, na yeye alikuwa amewakimbia ngamia akaingia kwenye kompyuta. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi, akaniita Mama tangu siku ya kwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba nilipoongea naye niliona haya kama mtu aliyevaa viatu vyenye matope kwenye zulia. Yeye aliandika kisakinishi, ile programu inayoigawanya diski na kuupanga mfumo mahali pake. Mimi nilikuwa na butiloda. Kazi zetu zilikutana kwenye neno moja.

Zamani butiloda iliitafuta diski kwa namba: ya kwanza, ya pili. Lakini mashine zikiwa na diski mbili au flashi imechomekwa, namba hubadilika. Tukaamua kwamba kisakinishi kiandike jina kwenye diski, na butiloda iitafute kwa jina hilo. Tulikubaliana tukiwa tumesimama nje ya kibanda cha chai, chapati mkononi.

"Jina la mfumo wenyewe linatosha," Abdi alisema. "Kwa herufi kubwa."

"Sawa sawa," nikasema, nikalirudia jina.

Tukamaliza chapati. Hatukuandika popote.

Kisha nikarudishwa Nyeri, safari hii nikiwa mkuu wa vifurushi. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu na juu yetu sasa alikuwa Mkurugenzi, mtu wa suti na simu mbili, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Nilijaribu toleo jipya la butiloda kwenye mashine zangu sita pale ofisini. Zote sita ziliamka. Nikatia saini, nikaupakia mzigo kwenye flashi, nikaituma pamoja na karatasi ya maagizo Mukurweini kwa Mwalimu Nyokabi.

Nyokabi alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya wasichana huko, mwembamba, mwenye sauti ya kanisani. Ndiye aliyekuwa amemshawishi Mwalimu Mkuu wake aondoe mifumo ya zamani iliyojaa virusi na kuweka Mlima kwenye mashine zote ishirini na mbili, na alikuwa ameahidi kwa jina lake kwamba zitakuwa tayari kwa mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Aliipokea flashi yangu kuamkia siku ya mtihani, akaisakinisha jioni, akazima mashine zote. Saa moja asubuhi akaziwasha. Mtihani ulikuwa saa nane mchana.

"Madam Muthoni," aliniambia kwenye simu, na sauti ya kanisani ilikuwa imeisha, "hakuna hata moja inaamka."

Nawaandikia mazungumzo yale kama yalivyotamkwa, maana hapo ndipo mambo yote yalipo.

"Skrini inasema nini?"

"Inasema haipati diski inaitwa Mrima."

"Haya. Andika amri ya kuorodhesha diski. Unaona gani?"

"Naona moja tu."

"Inaitwaje?"

"Mrima."

"Si hiyo ndiyo inatafuta?"

"Ndiyo hiyo, Madam. Inatafuta Mrima, na Mrima iko hapo, na inasema hakuna Mrima."

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima. Nilimfanya azime, awashe, achomoe kebo, airudishe. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haina kamera. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu akisikiliza, na nilipokata simu aliuliza mashine za ofisini zinafanyaje. Nikamwambia zinaamka zote sita.

"Basi tatizo si mzigo. Mwalimu hakufuata maagizo." Kabla sijasema neno alikuwa amempigia Mwalimu Mkuu wa shule na kumwambia hivyo hivyo.

Nilichukua gari la ofisi. Njia ya kwenda Mukurweini inapanda na kushuka katikati ya kahawa na migomba, na siku hiyo kila trekta la maziwa lilikuwa mbele yangu. Nilifika karibu saa tano. Nyokabi alinipokea mlangoni mwa maabara mikono mitupu.

"Mwalimu Mkuu amechukua funguo za maabara," akasema. "Ati baada ya leo nifundishe Historia tu. Barua inaandikwa."

"Tutaziamsha."

"Na zikiamka, Madam, bado ni mimi niliziua?"

Nikaketi kwenye mashine ya kwanza. Kwenye skrini, mstari wa juu, lilikuwapo jina lililotafutwa. Chini yake, kwenye orodha, lilikuwapo jina la diski. Niliyasoma yote mawili. Nikayasoma kwa sauti. Nikamwambia Nyokabi ayasome. Tukasikia neno moja mara nne.

Nikampigia Abdi, Nanyuki.

"Mama, nisomee herufi moja moja. Anza na jina linalotafutwa."

Nikamsomea.

"Ya pili ni nini umesema? Sijaisikia vizuri. Ni R ya redio au ni L ya limau?"

Nikaitupia jicho tu. "Ya rimau."

"Mama. Ya nini?"

"Ya rimau, Abdi! Tunda! Ile ya kukamua kwa chai!"

"Haya, haya. Na kwenye diski, ya pili ni ipi?"

"Hiyo hiyo, ya rimau."

Nilimsikia akivuta pumzi taratibu, kama mtu anayemvusha mzee barabara. "Usinisomee tena. Niambie umbo. Hiyo herufi ya juu iko na tumbo, ama ni mti uliosimama na mguu mmoja sakafuni?"

Nikainamisha uso mpaka pua ikakaribia kioo. Ya juu ilikuwa na tumbo. Ya chini haikuwa na tumbo. Ilikuwa mti, na mguu mmoja sakafuni.

Juu: MRIMA. Chini: MLIMA.

"Haiya," Nyokabi akasema begani kwangu.

Nilielewa kila kitu kwa mpigo, na masikio yakanichoma. Kisakinishi cha Abdi kiliandika MLIMA kwenye diski za shule, inavyopaswa. Hati ya maagizo ya mzigo wangu iliagiza butiloda itafute MRIMA, kwa kuwa kwetu L na R ni sauti moja, ndivyo mdomo wangu unavyosema, na vidole vyangu vimelelewa na mdomo wangu. Ofisini mashine sita ziliamka kwa sababu diski zile nilikuwa nimezipa jina mimi mwenyewe, kwa mkono. Zilikuwa zimejifunza kuongea kama mimi.

"Ni mimi," nikamwambia Nyokabi. "Si wewe."

Abdi bado alikuwa kwenye simu. "Mama, kuna njia ya mkato. Badilisha jina la diski liwe na R. Amri moja kwa kila mashine. Nusu saa umemaliza, watoto wanakaa mtihani."

Nitasema ukweli, njia hiyo niliipenda. Ingefanya jina la diski likubaliane na kosa langu, na baada ya hapo hakuna mtu duniani angeweza kuonyesha kwamba mzigo ulikuwa na kasoro. Zingeamka, na ingebaki kuandikwa kwamba mwalimu alikosea na fundi wa Nyeri akaja kuokoa. Nyokabi alikuwa ananiangalia. Naye pia anajua kompyuta, hakuhitaji kuelezwa.

"Tutasahihisha butiloda," nikasema. "Lakini kwanza twende ofisini kwa Mwalimu Mkuu."

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, kalamu mkononi, barua mbele yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwandikia maneno yote mawili kwenye karatasi, na akayasoma kwa sauti.

"Mrima," akasema. "Na Mrima." Akavua miwani. "Sasa tofauti iko wapi?"

Nyokabi aligeukia dirisha, mabega yakitikisika. Nikamwonyesha tumbo na mguu. Mwalimu Mkuu alivifuata vyote viwili kwa ncha ya kalamu.

"Kwa hivyo ni herufi moja tu?"

"Moja tu, na ni yangu. Mwalimu Nyokabi alifuata maagizo yote. Maagizo ndiyo yalikosea. Mkurugenzi nitampigia mwenyewe."

"Na mimi nimeshajaza ukurasa mzima," akasema, akaikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya kikombe. Kisha akafungua droo akamtupia Nyokabi funguo. "Kimbia! Unasimama ya nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Katika kila mashine uliandika kwa mkono mistari mitatu: diski ni hii, mfumo uko hapa, anza. Mashine ikishaamka ulifungua faili ndogo ya butiloda, ukafuta tumbo, ukaweka mguu. Mimi nilianza upande wa dirisha, Nyokabi upande wa mlango, tukashindana. Alinishinda, kumi na mbili kwa kumi. Mashine ya mwisho iliamka wasichana wakiwa tayari wamepanga foleni nje, wakinong'ona na kusukumana, na Nyokabi aliwafungulia mwenyewe.

Simu ya Mkurugenzi niliipiga nikiwa kwenye maegesho. Niliishikilia mbali kidogo na sikio. Alipomaliza kufoka akauliza, "Sema tena lile jina."

"Mrima," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Yeye ni wa Kenol, mdomo wake ni kama wangu. Nilimwomba alitamke yeye, akakata simu. Lakini alimpigia Mwalimu Mkuu kufuta maneno yake, na Jumatatu aliuliza mezani tutafanya nini kosa hilo lisirudi.

Mtu akapendekeza kila jina lisomwe kwa sauti mara mbili. Abdi, aliyekuwa ameitwa kutoka Nanyuki, alifunika uso kwa mikono. Mwishowe tukakubaliana hivi. Hakuna mzigo wa butiloda utakaotoka bila kujaribiwa na mtu mwingine, kwenye mashine ambayo mwenye mzigo hajawahi kuigusa, kwa karatasi ya maagizo peke yake. Na mwenye mzigo asiwepo chumbani. Akiwepo atasaidia tu, hata kwa kukohoa. Atasema, bonyeza hapo, nilisahau kuandika. Mdomo wake utaziba tundu ambalo kesho, Mukurweini, hakutakuwa na mdomo wa kuliziba. Sheria hiyo ilipata jina: Mwenye mzigo, toka nje.

Nimetoka nje mara nyingi tangu wakati huo. Nimesimama kwenye korido ya nje ya mlango wetu nikisikia mteja wa duka la chini akibishania mbegu za viazi, nikiwa na hofu kama mama aliyempeleka mtoto siku ya kwanza shuleni. Mara nyingine waliniita ndani wakicheka, mara nyingine niliona uso wa anayejaribu nikajua ninarudi kufunga upya. Vijana huniuliza siri ya kazi hii, wakitarajia niwaambie habari za vifaa. Vifaa vitabadilika. Nilianza wakati butiloda inabanwa mwanzoni kabisa mwa diski, mahali padogo kuliko barua fupi, na nimemaliza ikiwa na sehemu yake yenyewe na saini tatu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ulichokitengeneza kinakufahamu mno. Kitakutii kwa sababu ni wewe. Mpe mtu mwenye masikio tofauti na yako akiwashe.

Nyokabi hakufundisha Historia tena. Kila Krismasi hunitumia ndizi za Mukurweini, na kwenye gunia huandika kwa kalamu nene: ZA MADAM MUTHONI, NA RIMAU MBILI.

Siku yangu ya mwisho kazini nilifunga toleo moja la mwisho. Sikulazimika, ila nilitaka mashine zitakazowashwa mwaka huu ziamshwe na mkono wangu. Keki ilikuwa imeshakatwa, Mkurugenzi ameshahutubia. Abdi, ambaye sasa ndiye mkuu wa vifurushi na ndevu zake zimeanza kuwa za kijivu, aliweka mezani kompyuta nisiyowahi kuiona, akaikunjua karatasi yangu ya maagizo, akanitazama.

"Mama," akasema, "unajua sheria."

"Hata leo? Nimestaafu, Abdi. Wacha niione ikiamka tu."

"Leo ndiyo hasa."

Nikachukua mkoba na koti. Aliinuka akanisindikiza hatua tatu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaniachia. Skrini ilikuwa bado nyeusi. Nikatoka hadi kwenye korido, na Abdi akaufunga mlango nyuma yangu.